Vidudu vya Tumbo Letu: Adui ama Rafiki?

Mara nyingi tunapopita vijijini kutembelea Wakristu, akina mama hutuuliza swali moja. «Mwalimu, watoto wangu wawili wanakula sahani moja, wanalala nyumba moja. Kwa nini huyu ana nguvu, na mwenzake amepatwa na bwaki?» Watu wa kijiji hujibu upesi kuliko sisi: ni mchawi, ni wivu wa jirani, ni kosa la mama. Neno moja la namna hiyo laweza kuvunja ndoa, laweza kumfukuza bibi kizee katika nyumba aliyojenga mwenyewe. Sisi tulikuwa tukisema tu: mpeleke mtoto kituo cha afya, wala usimshitaki mtu. Shauri hilo ni jema hata leo. Lakini miaka hii wataalamu wamepata sehemu ya jibu lenyewe, nalo haliko kwa jirani; liko ndani ya tumbo la mtoto. Ili tulielewe vizuri yafaa tuanze mbali, kwa maana habari hii imedumu zaidi ya miaka mia tatu.

Mwuza vitambaa wa Delft

Katika mji wa Delft, nchi ya Uholanzi, aliishi mwuza vitambaa jina lake Antoni van Leeuwenhoek (1632–1723). Hakusoma chuo kikuu, wala hakujua Kilatini, lugha ya wataalamu wa wakati ule. Lakini alikuwa na mikono hodari na subira nyingi. Alijisugulia mwenyewe vioo vidogo vya kukuza vitu, na vioo vyake vilishinda karibu vyote vya siku zake.

Mwezi wa Septemba 1683 aliandika barua kwa wataalamu wa Royal Society, mjini London. Aliwaeleza ya kuwa amekwangua utando mweupe wa meno yake, akauchanganya na maji safi ya mvua, akautazama kwa kioo chake. Akaona vidudu vingi vyenye uhai, vingine vikienda mbio, vingine vikijizungusha mahali pamoja. Naye alikuwa mtu wa kusugua meno kwa chumvi kila asubuhi! Akatazama pia utando wa meno ya mzee mmoja ambaye hajasafisha kinywa maisha yake yote. Kwake pia akaona vidudu tele vya ajabu. Leeuwenhoek akakiri bila haya ya kuwa wakaaji wa kinywa chake wanapita hesabu ya watu wa nchi yake.

Tuangalie neno moja hapa. Leeuwenhoek hakuwa mgonjwa siku ile. Vidudu alivyoviona vilikaa kwa mtu mzima mwenye afya. Lakini neno hilo halikutiliwa maanani kwa muda wa miaka mia mbili.

Vita juu ya vidudu

Karne ya 19 ilileta vita. Louis Pasteur huko Ufaransa na Robert Koch huko Ujerumani walionyesha ya kuwa magonjwa mengi makali yanaletwa na vidudu. Mwaka wa 1882 Koch alitangaza kidudu cha kifua kikuu, na kisha kile cha kolera. Tangu hapo watu walifundishwa kuchemsha maji, kunawa mikono, kuchimba choo, kuosha vyombo vya kupasulia wagonjwa. Mafundisho hayo yameokoa watu wasiohesabika, na nani angetaka kuyafuta? Lakini yalizaa pia wazo lisilo kamili, kwamba kila kidudu ni adui na mwili safi ni ule usio na kidudu. Pasteur mwenyewe hakuwaza hivyo. Mwaka wa 1885 aliandika ya kuwa, kwa mawazo yake, mnyama asiye na vidudu kabisa hangeweza kuishi.

Mwaka ule ule wa 1885, katika mji wa München, daktari kijana wa watoto jina lake Theodor Escherich alikuwa akifanya kazi ambayo wengi waliichukia: alichunguza choo cha watoto wachanga. Aliona ya kuwa mtoto anapozaliwa tumbo lake ni karibu tupu, lakini baada ya siku chache tu vidudu vimekwisha ingia na kukaa. Kimoja kilikuwa na umbo la fimbo fupi, nacho alikikuta kwa watoto wenye afya. Leo kidudu hicho chaitwa kwa jina lake, *Escherichia coli*. Aina zake nyingi hazitudhuru hata kidogo. Aina chache ndizo huleta kuhara kukali.

Kisha, mwaka wa 1899, Henry Tissier wa Institut Pasteur mjini Paris aliona kidudu kingine, chenye matawi mawili kama panda ya mti. Kilijaa katika tumbo la watoto wanaonyonya mama zao. Kwa watoto walionyweshwa maziwa ya ng'ombe kilikuwa kichache. Sababu yake ilijulikana baadaye sana, nayo ni ya kustaajabisha. Ndani ya maziwa ya mama mna sukari za namna fulani ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuziyeyusha. Ni kwa nini basi mwili wa mama unajichosha kuzitengeneza? Ni chakula cha vidudu vile. Mama akimnyonyesha mtoto, analisha wawili: mtoto wake, pamoja na walinzi wanaokaa tumboni mwake na kuwazuilia mahali wale wabaya.

Maziwa ya Wabulgaria

Katika nyumba ile ile ya Pasteur alifanya kazi Elie Metchnikoff, aliyezaliwa mwaka wa 1845 karibu na Kharkiv. Ndiye aliyeeleza jinsi askari wa damu wanavyomeza vidudu vya ugonjwa, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1908 pamoja na Paul Ehrlich. Alipozeeka alijiuliza kwa nini watu wanadhoofika. Akasikia habari za wakulima wa Bulgaria, kwamba wanaishi miaka mingi na kunywa maziwa yaliyoganda. Akafikiri ya kuwa vidudu vya maziwa yale vinawafukuza vidudu vya uozo katika utumbo mkubwa. Yeye mwenyewe akayanywa kila siku, na watu wa Ulaya wakamfuata.

Wazee wetu wa Kivu, wenye kunywa mashanza tangu zamani, wangecheka kidogo kusikia habari hiyo kama jambo jipya. Lakini Metchnikoff alikosa katika neno moja kubwa. Alidhani utumbo mkubwa hauna faida, kwamba ni shimo la sumu tu. Daktari mpasuaji wa London, Arbuthnot Lane, aliyekuwa na mawazo ya namna hiyo, akawakata wagonjwa utumbo huo ili kuwaondolea sumu. Wengine walikufa, na kazi hiyo ikaachwa. Twajua leo ya kuwa katika utumbo mkubwa ndimo kinakaa kijiji kikubwa cha vidudu vyetu. Humo vinayeyusha nyuzi za mboga na mihogo ambazo sisi hatuwezi, vinatengeneza vitamini fulani, tena vinafundisha askari wa mwili kujua nani ni mgeni na nani ni mwenyeji.

Mwaka wa 2016 wataalamu watatu, Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo, walifanya hesabu upya. Mtu mzima ana vidudu kadiri ya trilioni 38, nayo trilioni ni milioni ya mamilioni. Chembe za mwili wake mwenyewe ni kadiri ya trilioni 30. Lakini vyote pamoja vina uzito wa gramu 200 hivi tu, kwa maana ni vidogo sana. Jamii hiyo yote, pamoja na mali yake ya urithi, wataalamu wanaiita mikrobiomu.

Dawa kubwa na deni lake

Mwaka wa 1928 Alexander Fleming aliona mjini London ya kuwa ukungu mmoja unaua vidudu. Florey na Chain wa Oxford wakautoa humo penisilini, na mwaka wa 1945 wote watatu wakapewa tuzo ya Nobel. Baadaye zikafuata dawa nyingine za jamii hiyo, ndizo antibiotiki. Watu waliokuwa wakifa kwa jeraha dogo au kwa homa ya mapafu, wakapona. Tusimsikilize mtu anayezidharau dawa hizo.

Lakini katika hospitali kubwa madaktari wakaona ajabu. Mgonjwa alipona jeraha lake, kisha akashikwa na kuhara kwa kutisha, hata wengine wakafa. Mwaka wa 1958, huko Denver katika Marekani, mpasuaji Ben Eiseman na wenzake walikuwa na wagonjwa wanne wa namna hiyo. Walifanya jambo ambalo msomaji asilicheke: walichukua choo cha watu wenye afya, wakakitia kwa njia ya enema katika utumbo wa wagonjwa. Wakapona. Wachina walikuwa na dawa ya namna hiyo tangu karne ya nne, nayo imeandikwa na tabibu Ge Hong. Lakini wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani hawakuitilia maanani kazi ya Eiseman.

Miaka 20 ikapita. Mwaka wa 1978 ilijulikana ya kuwa mkosaji ni kidudu kimoja, *Clostridium difficile*. Kidudu hicho chaweza kukaa tumboni kimya, kikizuiliwa na majirani wake. Antibiotiki ikiwafagia majirani, chenyewe kinasimama, kinazaana na kumwaga sumu. Ni kama shamba lililofyekwa lote pamoja na mazao: magugu ndiyo yanayoota kwanza.

Mwishowe, mwaka wa 2013, madaktari wa Amsterdam walitoa ushuhuda ulio wazi. Waliwatibu wagonjwa 16 wa kidudu hicho kwa vidudu vya watu wenye afya, wakivipitisha kwa mpira unaoingia puani mpaka utumboni. Wagonjwa 13 walipona kwa mara ya kwanza, na wengine 2 walipotiwa mara ya pili. Katika kundi la wagonjwa 13 waliopewa antibiotiki peke yake, walipona 4 tu. Wakasimamisha majaribio kabla ya wakati, kwa maana haikufaa tena kuwanyima wagonjwa wengine dawa hiyo. Lakini jambo hili ni la hospitali tu. Choo cha mtu kinachunguzwa kwanza kwa uangalifu mwingi, na yeyote atakayejaribu nyumbani aweza kuleta kifo.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu sisi wenyewe. Mtoto wetu wa pili alipokuwa na kikohozi chepesi, hatukumpeleka kwa mwuguzi. Tulikwenda sokoni, tukanunua vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa moja moja juu ya meza, tukampa siku mbili, tukaacha. Kikohozi kilibaki, na kuhara kukaongezeka. Mwuguzi alipotuona alitikisa kichwa. «Mwalimu, umetupa mkuki gizani,» akasema. «Hukumpiga adui, labda umewapiga walinzi wa mtoto wako.» Akampa maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa, akampa zinki, akamwambia mama aendelee kunyonyesha. Mtoto alipona, lakini sisi tulibaki na haya, kwa maana tulikuwa tumewafundisha wengine kutofanya hivyo.

Mapacha wa Malawi

Sasa turudi kwa swali la mama. Daktari Mwingereza Cicely Williams, aliyefanya kazi katika Gold Coast, nchi inayoitwa leo Ghana, aliandika habari za bwaki mwaka wa 1933, na mwaka wa 1935 akaipa jina la wenyeji, kwashiorkor. Jina hilo lamtaja mtoto aliyeondolewa kifuani kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Alionyesha ya kuwa chakula cha mtoto huyo kimepungukiwa. Ndivyo ilivyo. Lakini swali moja lilibaki: kwa nini huyu, si yule?

Wataalamu wa Malawi na wa Marekani, pamoja na Jeffrey Gordon na Mark Manary, wakawatafuta mapacha, kwa sababu mapacha wana mama mmoja, nyumba moja, chungu kimoja. Walifuata jozi 317 za mapacha wa Malawi katika miaka mitatu ya kwanza ya maisha. Katika jozi 43 kwa mia, pacha mmoja alipatwa na utapiamlo, na mwenzake hakupatwa. Wakachukua vidudu vya mapacha wa jozi kadhaa, wakavitia katika panya waliolelewa bila kidudu hata kimoja. Panya wote wakalishwa chakula cha namna ya Malawi. Waliopewa vidudu vya mtoto mgonjwa wa kwashiorkor walikonda sana. Waliopewa vidudu vya ndugu yake mwenye afya hawakukonda hivyo. Habari hiyo ilitangazwa mwaka wa 2013.

Basi chakula kibovu peke yake hakikutosha kuleta ugonjwa ule kwa panya, wala vidudu peke yake havikutosha. Viwili vilipokutana, ndipo taabu ilipozaliwa. Mwaka ule ule, katika Malawi, antibiotiki ilijaribiwa kwa watoto 2,767 wenye utapiamlo mkali, na waliopewa dawa walikufa wachache kuliko wasiopewa. Tuone basi ya kuwa dawa ile ile tuliyoitumia vibaya sokoni, mkononi mwa mwuguzi inaokoa mtoto. Nako Bangladesh, mwaka wa 2021, wataalamu walionyesha ya kuwa chakula kilichochaguliwa ili kulisha vidudu vyema kinawasaidia watoto kuongeza uzito. Kilikuwa na nini? Karanga, soya, dengu na ndizi mbichi zilizopondwa, vitu ambavyo masoko yetu mengi yanavijua.

Konzo, ugonjwa wa kwetu

Mwaka wa 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa wa Kwango, katika Kongo yetu, unaoitwa konzo. Kwa Kiyaka maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekuwa migumu kama miti, wala haitalegea tena maisha yake yote. Huwapata zaidi watoto na akina mama wa umri wa kuzaa. Hata huko wengi hutafuta mchawi.

Chanzo chake ni mihogo michungu isiyotengenezwa vizuri, pamoja na kukosa chakula cha kujenga mwili, kama samaki na maharagi. Mihogo hiyo ina sumu. Bibi zetu waliiloweka siku tatu. Vidudu vya majini viliilainisha, na sumu ikatoka. Hivyo akina mama wa Kongo walikuwa wakifanya kazi pamoja na vidudu kabla ya Pasteur kuzaliwa. Lakini huko Bandundu barabara ya lami ilipofika, wachuuzi wa Kinshasa wakataka mihogo upesi. Siku tatu zikawa moja, na konzo ikaongezeka. Wachunguzi waliyaandika hayo mwaka wa 1991. Mwaka wa 2011 wengine waliandika ya kuwa konzo imeonekana hata Kivu ya Kusini, mahali palipoharibiwa na vita.

Hapa pia palikuwa na fumbo: chungu kimoja, lakini mmoja anafungwa miguu na mwingine hafungwi. Mwaka wa 2021 wataalamu wa Kongo na wa Marekani, pamoja na Mkongo mwenzetu Désiré Tshala-Katumbay, walitangaza uchunguzi wa vidudu vya tumbo vya watu 180 wa Kinshasa, Masi-Manimba na Kahemba. Sumu ya mihogo imefungwa pamoja na sukari, na mwili wetu hauna nguvu ya kuifungua vizuri. Vidudu vingine vya tumbo vinao ufunguo huo. Waliona ya kuwa vidudu vya watu vinatofautiana kwa kadiri ya mahali, na ya kuwa kuna aina ambazo huenda zikaongeza ao kupunguza hatari ya konzo. Kazi hiyo haijakwisha.

Lakini kinga haingoji mwisho wa kazi hiyo. Katika vijiji vya Popokabaka akina mama walifundishwa njia rahisi: unga wa mihogo unachanganywa na maji, unatandazwa mwembamba muda wa saa mbili juani ao saa tano kivulini, sumu inatoka hewani, ndipo unapikwa ugali siku ile ile. Waliofanya hivyo walikingwa.

Tufanye nini?

Wasomaji wapenzi, tusidhani ya kuwa vidudu vinaeleza kila kitu. Mtoto mwenye njaa anahitaji chakula kwanza, na maji machafu yanaua leo kama yalivyoua zamani za Koch. Lakini historia hii yatupa mashauri machache yasiyo na bei kubwa. Mama amnyonyeshe mtoto maziwa yake peke yake miezi sita ya kwanza, kisha aendelee pamoja na vyakula vingine. Mtoto akihara, apewe upesi maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa, pamoja na zinki; akitoa damu, ao akilegea, apelekwe kwa mwuguzi bila kukawia. Antibiotiki tusizinunue mezani. Na mwuguzi akituandikia, tuzimalize kama alivyosema. Mihogo tuiloweke siku zake zote, hata mchuuzi akisimama mlangoni na fedha mkononi.

Tena, tukimwona mtoto mmoja ameshiba na pacha wake amevimba miguu, tukumbuke wale mapacha wa Malawi. Tofauti yao ilikuwa tumboni, ilipimwa, ikaonekana kwa macho. Bibi kizee wa jirani hakuwamo. Aliye na nguvu amchukue mtoto mgongoni mpaka kituo cha afya, na yule bibi aachwe akae kwa amani nyumbani mwake.